Siku Niliyotembea na Bwana Nyuki

Mariamu alifika msibani amechelewa, kama kawaida yake, na badala ya kuanza kwa kilio kama wenzake alipita karibu na sikio langu akafanya "zzzz". Vijana waliokuwa wakipanga viti walidhani bibi kabanwa na pumzi, mmoja akakimbilia maji. Mimi nilicheka. Nilicheka mbele ya jeneza la shangazi yangu, mwanamke aliyenilea na niliyemwosha kwa mikono yangu asubuhi ile, na nikalazimika kujifunika khanga usoni ili watu waone nalia. Maana miaka mingi imepita bila mtu kunifanyia hivyo, na waliokuwa wakinifanyia wengi wao tumeshawazika. Mariamu akakaa kando yangu kwenye mkeka, akaninong'oneza, "Bado unakumbuka yale maua?" Nikamwambia anyamaze. Lakini alikuwa ameshafungua mlango, na siku zote za matanga sikuweza kuufunga.

Mwaka ninaousema ni ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Waliokuwapo hawahitaji maelezo, na wasiokuwapo wamesoma habari zake shuleni, ila shuleni hawafundishi jinsi nyumba mpya ya udongo mbichi inavyonuka. Ilinuka kama kaburi lililochimbwa jana. Nilisema hivyo mara moja mbele ya shangazi, akanipiga kofi, kwa sababu naye alikuwa anawaza hivyo hivyo. Kilikuwa chumba kimoja na nusu: kile cha mbele cha moto na mawe ya kusagia, na kile cha nyuma kilichojaa kitanda cha shangazi hata mlango haukufunguka wote. Mimi nililala kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mafiga. Nyumba zilijengwa kwa mstari, milango yote ikatazama barabara, na mtu aliyetoka kujisaidia alionekana na mstari mzima. Kule tulikotoka shangazi alikuwa na tembe lake, chumba baada ya chumba, paa la udongo tambarare tuliloanikia mtama, na ukitaka kumwona jirani unatembea. Hapa jirani unamsikia akijikuna. Na hawakuwa majirani zetu wa zamani. Wale walitupwa mstari wa mwisho, ng'ambo ya shamba la ujamaa, kwa sababu siku ya kugawiwa viwanja walichelewa na mbuzi wao.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Kwa nini nilikuwa kwa shangazi na si kwingine, hilo halina haja hapa. Nilikuwa kwake, basi, na yeye alikuwa mjane na mimi nilikuwa mikono na miguu yake. Asubuhi maji, mchana kusaga uwele, jioni ugali na mlenda, siku ya bahati na maziwa ya mgando. Kulima shamba la wote ilikuwa lazima, na kutoka nje ya kijiji kulihitaji ruhusa ya balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja mkarimu sana kwa kila kitu isipokuwa ruhusa. Siku ambazo upepo ulitoka kusini tulisikia treni ikipiga honi upande wa Itigi. Shangazi alikuwa hapendi. "Linalia kama limefiwa," alikuwa akisema. Mimi niliacha kusaga kila ilipolia, na yeye akinitazama nilivyoacha kusaga. Leo ndipo ninapoelewa kwamba alikuwa anaisikia kupitia kwangu.

Basi akaja Bwana Nyuki. Alikuwa na jina lake, Sefania, lakini kama vile Bwana Shamba na Bwana Mifugo, aliitwa kwa kazi yake. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, viatu vikubwa vya ngozi, na nguo zake zilinuka moshi hata akitoka kuoga. Alileta habari ya mradi: kijiji kitafuga nyuki kwa mizinga ya kisasa, na safari hii wanawake wafundishwe. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu asali kwetu ni kazi ya mwanamume anayepanda mti. Hata hivyo wanaume walikuwa wanahitajika kung'oa visiki, kwa hiyo kamati ikampa wanawake. Akasema mtu hawezi kufuga nyuki kabla hajajua chakula chao, na kwamba mvua za kwanza zikishika atatuongoza kutwa nzima porini mpaka mlimani, tuyaone maua yanapochanua. Kisha akaongeza lile neno lililoninyima usingizi: katika watakaokwenda, atachagua mmoja anayejua kusoma na kuandika, apelekwe Tabora kwenye kozi ya nyuki. Kwa treni.

Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile, hata mume, hata watoto. Sikuwa na habari na nyuki, niwe mkweli. Wangesema kozi ya mamba ningejifunza kuwapenda mamba. Nilitaka kupanda treni na kutazama kupitia dirishani ile mistari ya nyumba ikibaki nyuma. Nilijisomea magazeti ya zamani yaliyobandikwa ukutani dukani, kwa sauti, ili nitengeneze Kiswahili changu, maana nyumbani tulisema Kinyaturu tu, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kimenyooka na kigumu.

Shangazi naye alikuja kwenye matembezi yale. Kwa mila yetu msichana ana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayemsemea na ndiye anayekwenda naye porini. Tuliondoka jua likichomoza, wanawake wachache na vibuyu vya togwa, viazi vya kuchemsha vimefungwa kwenye kitambaa, na Bwana Nyuki mbele na panga lake. Mariamu alikuwa kaolewa mwaka ule, bado anatembea kwa adabu, na mkwewe alikuwa nyuma yake akihesabu maneno yake. Tuliingia kwenye kile kichaka cha kwetu, ambacho mgeni akikiona kwa mbali hudhani ni nyasi. Si nyasi. Ni miti myembamba iliyosukana kama ukindu wa mkeka, na kinjia ni cha mtu mmoja mmoja. Mbele unaona mgongo wa mwenzako na pembeni huoni kitu. Miiba ilishika khanga zetu, na kila mara mmoja alilazimika kurudi nyuma hatua moja ili ajinasue. "Usivute," Bwana Nyuki alisema. "Ukivuta mwiba unaingia. Rudi kidogo, utakuachia." Nimekumbuka sana ushauri huo maishani, na mara nyingi umenisaliti.

Lakini maua! Sikujua kama pori lile, ambalo tulilikata kuni na kulitukana, lilikuwa limeficha vitu hivyo. Kulikuwa na ua jekundu la duara lililotoka ardhini peke yake, bila jani, nywele tupu, na mkwewe Mariamu akaruka pembeni akidhani ni mnyama. Kulikuwa na yale madogo ya buluu ambayo kila mmoja wetu alikuwa akiyang'oa shambani. Bwana Nyuki akatuchuchumalisha kuyatazama, akasema yafunguka asubuhi na yakifika mchana yanajifunga, kwa hiyo nyuki wanayawahi. "Kama duka letu," Mariamu akasema, na mkwewe akaguna. Bwana Nyuki alitaja majina marefu ya kizungu na sisi tukayaacha pale pale kichakani. Yeye akauliza sisi tunayaitaje. "Hilo ni mboga," shangazi akajibu kuhusu mgagani uliochanua. "Na hilo?" "Hilo si mboga." Kwake dunia yote ya majani iligawanyika hapo, na sijaona mgawanyo bora zaidi.

Kichaka kilipokwisha tukatokea mahali pa wazi, chini ya mlima wa mawe, na hapo shangazi akasimama ghafla hata nikamgonga. Lilikuwa hame letu, kule tulikohamishwa. Bwana Nyuki hakujua. Alifuata njia yake ya maua tu. Wanamgambo walikuwa wamebomoa mapaa ili watu wasirudi, na mvua ya kwanza ilikuwa imeingia vyumbani. Udongo wa paa la tembe, uliokuwa umekaa na mbegu zake miaka yote juu ya vichwa vyetu, ulikuwa umeanguka ndani, na vyumba vyote vilikuwa vimeota. Kwenye chumba cha shangazi, pale palipokuwa na kitanda, palijaa maua meupe ya kutambaa. Ua lingine, la miali nyekundu na njano, lilikuwa limepanda nguzo ya ghala. Lilikuwa jambo la kupendeza sana na la kutisha. Bwana Nyuki akasema kwa furaha, "Mnaona? Hapa nyuki watashiba." Shangazi akapita mlangoni, akiinama kama vile mlango bado una kizingiti cha juu, akakaa kwenye mafiga yake, katikati ya maua. "Mimi nitabaki hapa," akasema.

Wanawake wakakaa naye kula viazi. Bwana Nyuki akaonyesha jiwe kubwa lililo juu yetu, karibu kiasi cha kuitana, akasema kutoka pale utaona pori lote lilivyochanua, nani anakwenda? Wenzangu walikuwa wamechoka, na waliochoka kidogo walikuwa na wakwe. Nikamtazama shangazi, akanikubalia kwa kidevu. Nikapanda. Tulionekana na kila mtu, wawili juu ya jiwe tupu kama kuku juu ya paa. Migunga ilikuwa imetoa maua, njano iliyofifia mpaka mwisho wa macho, na upande wa kusini palikuwa na uzi wa moshi. "Treni," Bwana Nyuki akasema. Akatoa kipande cha sega kwenye kopo lake, akanipa nionje, akaniuliza nadhani ni ua gani. Nikabahatisha mgunga, nikapata. Akacheka. "Wewe unafaa," akasema. "Jina lako nitalipeleka." Na tuliposhuka, kwa adabu, alikwenda moja kwa moja kwa shangazi pale mafigani. "Mama, huyu binti nitampeleka Tabora." Shangazi akasema, "Haya," akainuka, akakung'uta khanga. Kurudi kichakani alinishika mkono, na njia ile ya mtu mmoja mmoja haifai kushikana mikono. Miiba ilituchana wote wawili. Hakuniachia.

Mkutano wa kijiji uliitishwa wiki ile ile, kwa sababu Katibu Kata alikuja kukagua miradi. Alikuwa mtu wa pwani, suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, Kiswahili kinamtiririka. Mwenyekiti wetu, Mzee Mughenyi, alinisimamisha mimi nieleze, maana sifa za Kiswahili changu zilikuwa zimeenea. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisimama nimenyooka.

"Ndugu Katibu Kata, Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mimi nilitembea na Bwana Nyuki."

Walimu waliokuwa kwenye benchi la mbele waliinua vichwa. Katibu Kata akavua miwani.

"Ulitembea na Bwana Nyuki?"

"Ndiyo, Ndugu. Kutwa nzima."

"Nyinyi wawili?"

"Mwanzo tulikuwa wengi. Wenzangu wakachoka. Mimi sikuchoka."

Benchi la walimu likapasuka kwa kicheko. Sikuelewa. Nikadhani wamefurahi kwamba sikuchoka, nikatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza.

"Na huko, alikufanyia nini?"

"Alinionjesha asali."

Msomaji wangu anajua tayari, na mtu yeyote aliyelelewa na Kiswahili anajua. Kutembea na mtu si kutembea na mtu. Lakini kwetu, miaka ile, kutembea kulikuwa miguu. Lugha ya mama ilikuwa na neno moja lililo safi, nami nilikuwa nimelibadilisha kuwa Kiswahili kama mtu abadilishavyo mzigo begani, bila kujua limebeba kitu kingine. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, wanasema. Mimi mlimani sikujikwaa hata mara moja. Bwana Nyuki alisimama, uso umemwiva. "Ndugu Katibu, binti ana maana ya..." "Kaa chini," Katibu Kata akamkata. "Zamu yako itafika." Mzee Mughenyi naye hakuelewa wanachocheka, akamwinamia mwalimu mkuu, akanong'onezwa, na nikaona uso wake ukibadilika kama maziwa yaliyodondoshewa ndimu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikaanza kueleza kwa Kinyaturu, haraka haraka, maua, jiwe, wenzangu wako chini wanatuona. Katibu Kata akapiga meza. "Kiswahili, binti! Makabila tuliyaacha kwenye mahame." Na kwa Kiswahili sikuwa na neno lingine. Kila nililolishika lilikuwa lile lile.

Mzee Mughenyi, Mungu amrehemu, alijaribu njia ya mila. "Mwenye binti yupo? Aseme." Kwa sababu mwenye mtoto akisema, limekwisha, hakuna wa kumpinga. Mariamu aliinuka nusu, mkwewe akamvuta khanga, akakaa. Shangazi akasimama. Moyo wangu ulitulia kabisa. Alikuwa ametuona, alikuwa amekaa kwenye mafiga yake akitutazama muda wote, na alikuwa na ulimi mkali kuliko wa mtu yeyote katika mstari wetu.

"Mama, ulikuwapo," Mzee Mughenyi akasema. "Uliona nini?"

Shangazi akafunga upya khanga yake. Akafungua, akaifunga tena.

"Mimi nilibaki nyuma," akasema.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma. Sikuona."

Akakaa.

Bwana Nyuki alitozwa mbuzi, akahamishiwa Rungwa, ambako nyuki ni wengi kuliko watu, na sikumwona tena. Nafasi ya Tabora ikapewa kijiji kingine. Mizinga iliyoletwa ilikuja kuwa viota vya kuku. Na mimi nikawekwa ndani mpaka maneno yapoe, na maneno hayakuwa na haraka ya kupoa. Nilisaga, nikapika, nikachungulia mlangoni nikaona mlango wa nyumba ya ng'ambo ukinichungulia. Nikienda kisimani watoto walijipanga mstarini wakifanya "zzzz", na mama zao wakawakemea huku wakitabasamu. Kipindi chote cha mvua dunia yangu ilikuwa kile chumba na nusu, harufu yake ya udongo, na sauti ya jirani akimweleza mumewe habari zangu kupitia ukutani, akiongeza chumvi kila jioni. Nilijifunza kwamba unaweza kufungwa na neno moja, na kwamba neno halina mlango ambao mtu anaweza kuubomoa.

Siku moja mchana treni ililia, nikaacha kusaga. Shangazi alikuwa akichambua mlenda.

"Shangazi," nikasema, "uliona."

"Niliona," akajibu, bila kuinua macho.

"Sasa kwa nini?"

Aliendelea kuchambua. "Nyumba wamechukua," akasema. "Jirani zangu wamechukua. Ningesema mtoto alikwenda kutazama maua, ungepanda hilo dude. Nami ningekaa humu na nani?" Halafu akasukuma ungo upande wangu. "Saga, jua linakwenda."

Nikasaga. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote na nikampikia ugali laini kama alivyoupenda, na vitu hivyo viwili vilikaa kwenye chumba kimoja na nusu bila kugombana, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kugombana. Wanangu wanapenda hadithi hii iishie na msamaha. Mchungaji naye anapenda hivyo. Mimi nawaambia sijui. Najua alikuwa amefungwa zaidi yangu, na kwamba mtu anayezama hushika hata shingo ya mtoto wake. Najua pia kwamba ilikuwa shingo yangu. Niliolewa na kijana wa mstari wetu ule ule, nyumba chache kutoka kwake, na watu walipoachiwa kurudi kwenye mahame yao sisi tukabaki. Kule sasa ni mashamba ya alizeti. Tabora nimepita mara moja, kwa basi, nikienda kwenye harusi ya mjukuu, na nilikuwa nimesinzia. Miaka ya mwisho miguu ilipomwisha shangazi, nilimshika mkono kila jioni tukazunguka uwanja taratibu. Alishika kwa nguvu ile ile ya kichakani.

Siku ya kuzika, jua lilikuwa kali na vijana waliotoka mjini walitazama simu zao. Mchungaji alimaliza sala, akageuka huku na huku, akauliza kama ilivyo desturi, "Mwenye marehemu yupo? Aseme neno."

Watu wote wakanitazama. Mariamu akanisukuma kiunoni. Nikasogea mpaka kwenye ukingo wa kaburi, na harufu ya udongo mbichi ikanipanda usoni, nami nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya malezi na ya shukrani. Nikafunga upya khanga yangu.

"Mimi nilibaki nyuma," nikasema.

Wanawake wakaangua kilio. Walisema baadaye kwamba hakuna aliyemlilia marehemu kwa maneno mafupi namna ile na yakaingia namna ile. Mariamu peke yake alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga, na macho yake yalikuwa yametoka.

Mchungaji alinishika bega. Ni kijana mwema, na Kiswahili chake ni safi. "Umebaki nyuma, mama," akanisahihisha kwa upole. "Yeye ametangulia, wewe umebaki."

"Hapana, Mchungaji," nikamwambia. "Nilibaki."